Dawa ya Maumivu Haifichi Ugonjwa, Acheni Kutuambia Tuvumilie



Leo hatuna pishi, hatuna mshono mpya wa dera, na chetezo tumekiweka kando. Leo tuna hasira, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze tuiseme kwa haki bila kumdhulumu mtu.

Mmoja wetu ana wifi yake aliyeolewa bara, Mbingu. Ndiyo, jina ndilo hilo. Ni kijiji cha bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Wifi mwenyewe hutania kwamba sisi wengine tunasali ili tufike mbinguni, yeye alikwenda kwa basi. Mumewe analima mpunga, na yeye anashona na kuuza maandazi.

Usiku mmoja wa masika tumbo lilimkamata. Chini, upande wa kushoto. Akatoka jasho la baridi, akawa anaona kiza kila akisimama, na akalalamika kwamba hata bega linamuuma. Mwili ulikuwa na joto kidogo. Mumewe akampakia bodaboda katika matope mpaka kituo cha kwanza njiani, ambacho hatutakitaja. Hapo alipimwa malaria. Kipimo kikasema hana. Akaandikiwa dawa ya malaria hivyo hivyo. Alipoomba dawa ya maumivu aliambiwa hapana, asubuhi daktari mkubwa akija itakuwa imeficha ugonjwa, hatajua tumbo linauma wapi. Na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akimuuguza mgonjwa kitanda cha pili akamwambia, kwa mapenzi kabisa, "Mwanangu vumilia, mwanamke ni kuvumilia."

Akavumilia hadi alfajiri. Asubuhi ndipo gari likapatikana la kumpeleka Ifakara, na huko mtu wa kwanza aliyempokea alimchoma sindano ya maumivu kabla hajamgusa tumbo. Kisha akaomba mkojo. Kipimo cha mimba, kile cha kijiti kinachouzwa kila duka la dawa, kikaonyesha mistari miwili. Ultrasaundi ikaonyesha damu tumboni. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija ulikuwa umepasuka. Akapasuliwa siku ile ile. Alhamdulillah yu hai, na mrija mmoja hana.

Yule mhudumu wa kwanza hatuna kesi naye. Alikuwa peke yake zamu ya usiku, na tunajua zamu za usiku zinavyokuwa. Kesi yetu ni na maneno matatu ambayo hakuyatunga yeye. Mawili alifundishwa: kwamba homa ni malaria, na kwamba dawa ya maumivu huficha ugonjwa. La tatu, lile la kuvumilia, limetoka vinywani mwetu sisi wanawake wenyewe, na tumelivisha kanzu ya dini.

Tuanze na hilo la kuficha, kwa kuwa ndilo lililomtesa wifi usiku kucha na ndilo watu wengi bado wanaliamini, hata ndugu zetu waliosoma.

Halikutoka hewani. Mwaka 1921 daktari mpasuaji wa Kiingereza, Zachary Cope, alichapisha kitabu cha kutambua magonjwa ya ghafla ya tumbo, na madaktari wa vizazi vingi wamelelewa nacho. Alionya kwamba mgonjwa akipewa mofini kabla ya kupimwa, dalili zitapotea na mpasuaji atadanganyika. Kwa zama zake lilikuwa na mantiki. Hakukuwa na ultrasaundi, hakukuwa na kijiti cha mimba, na dozi za siku hizo zilikuwa kubwa kiasi cha kumlaza mtu fofofo. Daktari alikuwa na mikono yake na kilio cha mgonjwa, basi.

Lakini elimu haikusimama 1921. Mwaka 1992 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la wagonjwa 100 wa maumivu makali ya tumbo. Baadhi walichomwa dawa kali ya jamii ya mofini na wengine maji ya chumvi, na aliyewapima hakujua nani kapata nini. Waliopata dawa walipumua. Utambuzi wa ugonjwa haukuharibika. Yakafuata majaribio mengine, na mapitio ya Cochrane yaliyoyakusanya pamoja mwaka 2011 hayakuona kwamba dawa ya maumivu inawafanya madaktari wakosee zaidi. Hata kitabu cha Cope chenyewe, katika matoleo ya baadaye yaliyosimamiwa na William Silen, kimeliacha katazo hilo. Kitabu chenye neno kimelifuta. Wanafunzi wa wanafunzi wake, huku kwetu, bado wanalishika.

Na ukifikiri kidogo tu utaona kwa nini. Mtu anayejikunja kwa maumivu hakubali kuguswa. Tumbo lote limekaza, kila mahali ni "hapo hapo!" Ukimtuliza, analala chali, anakuonyesha kwa kidole, anakuhadithia yalivyoanza na siku zake za mwezi zilikuwa lini. Wifi aliulizwa habari ya siku zake Ifakara, baada ya sindano. Usiku ule hakuulizwa. Waliyaacha maumivu yake makusudi ili yawasaidie kujua ugonjwa, kisha hakuna aliyefanya kipimo hata kimoja cha kuujua, zaidi ya malaria.

Tumefika kwenye malaria, na hapa ndipo hasira yetu inapopanda. Wifi amekaa katika bonde ambalo duniani kote linajulikana kwa utafiti. Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara Ifakara mwaka 1957, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Watu wa Kilombero na Ulanga wamechomwa vidole, wametoa damu na mikojo, wamehesabiwa nyumba kwa nyumba, wamewaleta watoto wao. Miaka ya 1990 chanjo ya majaribio ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete. Mradi wa vyandarua uliofanywa Kilombero na Ulanga ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27, na matokeo hayo yalichapishwa 2001 na kusomwa Geneva, London, kila mahali. Tunalalia vyandarua leo, hata sisi wa visiwani, kwa sababu kina mama wa bonde lile walikubali kuwa miongoni mwa wa kwanza kuulizwa.

Sasa sikilizeni bonde hilo hilo lilitoa nini kuhusu homa. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kwa vipimo vingi kuliko mtoto yeyote wa kawaida anavyopata. Matokeo yalitoka 2014 katika jarida la New England la Marekani. Wenye malaria walikuwa asilimia 10.5. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa asilimia 62.2. Wenye UTI asilimia 5.9, homa ya matumbo asilimia 3.7. Yaani Dar es Salaam na Ifakara kwa pamoja, na jina la Ifakara na malaria ni kama pete na kidole, watoto kama tisa katika kumi wenye homa hawakuwa na malaria.

Kabla yake, mwaka 2004, ulikuwa umetoka utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa na hali mbaya na wakitibiwa malaria. Damu zao zilipoangaliwa vizuri kwa darubini, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu: asilimia 46.1. Na hili ndilo lililotukosesha usingizi tulipolisoma: wale wasiokuwa na vimelea walikufa zaidi, asilimia 12.1, kuliko waliokuwa navyo, asilimia 6.9. Mwenye malaria alipata dawa yake. Mwenye nimonia au sumu ya bakteria kwenye damu mara nyingi alipata dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema wazi, pima kwanza ndipo utibu, na vipimo vya haraka vikaenea mpaka zahanati za vijijini. Kwa hiyo kipimo kilikuwepo usiku ule. Kilifanya kazi yake. Kilisema hana. Tatizo ni kwamba kilipokanusha, hakukuwa na swali la pili. Mtu aliyezoea jibu moja, ukimnyang'anya jibu hilo, hulirudia tu kwa sauti ya chini. Na hapa visiwani tusijione tumepona. Kwetu malaria imeshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, lakini tumeipa nafasi yake UTI na "taifodi". Kila binti anayeshika tumbo anarudi nyumbani na karatasi yenye moja ya hizo mbili. Mkubwa gani humu ndani hajaandikiwa?

Tunajua kuna atakayesema, nyinyi wanawake wa udi na mapishi mnaijua wapi dharura, kwenye dharura daktari hana muda wa kungoja utafiti, anafanya analoliona la huruma. Basi na amuulize mtu wa Kilifi. Huko, na Muheza kwetu Tanzania, na Uganda, ulifanyika utafiti uitwao FEAST kwa watoto 3,141 walioletwa wakiwa mahututi kwa homa na mzunguko wa damu uliozorota. Huruma ya kila daktari ilikuwa kuwamiminia dripu kwa kasi. Matokeo ya 2011 yakaonyesha waliomiminiwa walikufa zaidi, takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, ilhali wasiomiminiwa walikuwa asilimia 7.3. Huruma isiyopimwa iliua. Kwa hiyo sisi hatuombi wahudumu wawe na roho nzuri, wengi wanayo. Tunaomba wafanye lililopimwa. Kumnyima mgonjwa wa tumbo dawa ya maumivu kulipimwa, na kukakosa utetezi.

Sasa lile neno letu.

Dada zetu, nani alitufundisha kwamba subira ni kunyamaza? Tumesomeshwa vyuoni habari za Nabii Ayub (a.s.), na kila mtu anamtaja kwa subira. Lakini Ayub alimlilia Mola wake kwamba dhara limempata. Alisema. Hakuhesabiwa kuwa kakosa subira kwa kusema, na Mola alimuondolea. Na Bibi Maryam, mbora wa wanawake, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani angekufa kabla ya siku ile. Je, aliambiwa anyamaze, mwanamke ni kuvumilia? Alipewa maji chini yake na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie roho. Someni wenyewe Surat Maryam muone. Mola wetu alimhudumia mwanamke mwenye uchungu kabla watu hawajaanza kumuuliza maswali. Sisi tunafanya kinyume. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tutafute dawa. Subira ni ya lile lisilo na dawa, na hata hilo ni kwa mwenye maumivu kulichagua mwenyewe. Ukimuamrisha mwenzio avumilie maumivu ambayo dawa yake iko kabatini, hapo hapana subira yoyote, ni dhuluma.

Majirani zetu Wakristo, na Mbingu ni kijiji chenye Wakatoliki wengi na masista wanaolea yatima, nao wana methali zao za msalaba wanazowapa wanawake vivi hivi. Wifi anatuambia wodini maneno yalikuwa yale yale, rozari na tasbihi zilikubaliana. Katika mengi mema tunafurahi kukubaliana nao. Hili tungeliacha sote.

Kuna kabati lakini, na wakati mwingine kabati ni tupu. Hili tuliseme kwa haki. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilihesabu kwamba dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka ni kama tani 298.5, na zinazofika nchi maskini ni tani 0.1. Mizani gani hiyo? Wenzetu Marekani wameumizwa na wingi wake, na sisi tunatiwa hofu ya wingi ambao hatujawahi kuuona. "Mtazoea," tunaambiwa. Mwanamke aliyepasuka mrija hawi mraibu kwa sindano moja, na mtoto aliyeungua moto hawi mteja wa maskani kwa sababu alitulizwa wakati anasafishwa kidonda.

Jirani zetu Uganda walilitatua kwa akili. Tangu 1993 Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman, imekuwa ikitumia mofini ya maji ya kunywa, ya bei ndogo, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Hakuna aliyengoja daktari mkubwa aje asubuhi. Ilianza kwa wagonjwa wa saratani, sawa, lakini maumivu hayaulizi jina la wodi.

Na pale ambapo mofini hakuna, kuna ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi wanayo kwa ajili ya upasuaji. Watafiti, wakishirikiana na madaktari wa dharura wa Muhimbili, waliandaa jaribio la kuidondoshea puani, kwa dozi ndogo, watoto wenye selimundu wanapopatwa na maumivu makali. Waulizeni kina mama wenye watoto wa selimundu hayo maumivu yakoje. Mtoto anauma godoro. Kwamba Watanzania walishiriki kuliandika swali hilo, la mtoto anayelia, kwetu ni ibada. Idara ya dharura ya Muhimbili yenyewe ilifunguliwa 2010 tu. Si mbali. Mabinti zetu waliosoma skuli nasi ndio sasa wanahitimu ubingwa wa dharura. Tunawaombea dua, na tunawaambia: fundisheni hata yule wa zamu ya usiku kijijini.

Tuongeze jambo moja kwa haraka kwa sababu tunajuana. Hatusemi mtu akishikwa na tumbo ajinunulie diklofenaki duka la dawa alale. Hapana! Hiyo ndiyo inayoficha, kwa sababu inamuweka nyumbani. Dawa ya maumivu tunayoidai ni ya kituoni, kwa dozi ya mtaalamu, pamoja na vipimo na macho ya mtu. Na mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu chini ya tumbo apimwe mimba. Hata kama ana kitanzi. Hata kama hajaolewa, na hapa mama zetu mtoke nje kidogo, binti aulizwe peke yake, aibu isije ikamuua. Bega likiuma pamoja na tumbo, na kiza kikija ukisimama, hiyo ni gari, usiku huo huo.

Kwa wakubwa wa wizara, Dodoma na Unguja, tunadai hivi. Kila mgonjwa wa dharura aulizwe maumivu yake ni kiasi gani katika kumi, mtoto aonyeshwe zile picha za nyuso, na namba iandikwe kwenye karatasi yake karibu na joto na presha. Kinachoandikwa hukaguliwa. Kijiti cha mimba kiwe mezani pamoja na kipimo cha malaria. Lile somo la kwamba dawa huficha ugonjwa lifutwe rasmi katika mafunzo ya matabibu na wauguzi, kwa waraka, si kwa kunong'onezana. Na kwa watafiti wa Ifakara, tunaowaheshimu sana: mkimaliza kuchapisha Marekani, rudini na karatasi moja ya Kiswahili ubandike ukutani mwa kila kituo kati ya Ifakara na Mlimba. Watu wale walitoa damu zao. Mnawadai nini tena?

Wifi amerudi Mbingu. Mpunga wameshauvuna, na anatuahidi gunia. Majuzi alimsindikiza jirani yake kituoni, kijana wao kaanguka mwembeni mkono umepinda vibaya. Tabibu akaja, akavaa glavu, akanyoosha mkono kuushika. Wifi akasimama katikati.

"Samahani, daktari. Mtoto umempa nini cha maumivu kabla hujaugusa?"

Anasema yule kijana wa watu alimtazama, akavua glavu, akaenda kabatini.